Barua ya wazi: Tuandikieni utaratibu wa mbwa katika njia za misitu na mito ya Tanga

Kwa waheshimiwa mnaosimamia misitu, mito na njia za matembezi mkoani Tanga: Halmashauri ya Jiji la Tanga, Halmashauri ya Wilaya ya Muheza, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, Bodi ya Maji Bonde la Pangani, na ninyi mnaotunza Mapango ya Amboni.

YAH: OMBI LA UTARATIBU ULIOANDIKWA KUHUSU KUTEMBEA NA MBWA MISITUNI NA KANDO YA MITO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Jiji la Tanga. Kwa miaka sita sasa, karibu kila Jumamosi, nimekuwa nikitoka alfajiri kutembea kwa miguu pamoja na mbwa wangu jike aitwaye Doria, mara kando ya Mto Mkulumuzi, mara kando ya Mto Zigi, na mara chache, nauli na ruhusa zinapopatikana, kule chini ya milima ya Usambara Mashariki. Doria ni mbwa wa kienyeji. Nilipewa na mlinzi wa shamba la mkonge akiwa na majuma saba. Rangi yake ni ya udongo mwekundu, na sikio lake moja limesimama huku jingine limelala. Tunatoka mapema kwa sababu mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, bali hujipoza kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na joto la pwani yetu likishafika saa tano asubuhi linaweza kumwangusha mbwa mwenye afya njema. Nayataja haya ili mjue kwamba anayewaandikia ni mtu wa kawaida mwenye mbwa wa kawaida, aliyeijua mito ya mkoa huu kwa miguu yake mwenyewe.

Ombi langu ni moja. Naomba mtuandikie, kwa Kiswahili kinachosomeka, utaratibu unaosema ni wapi mbwa haruhusiwi kabisa, ni wapi anaruhusiwa akiwa amefungwa kamba, na mwenye mbwa anatakiwa awe na nini mkononi anapofika. Kisha utaratibu huo ubandikwe pale njia inapoanzia na utangazwe kwenye ofisi za kata, ili mimi niusome kabla sijalipa nauli, na askari wa zamu ausome kabla hajanijibu.

Nieleze kilichonisukuma kuandika. Mwaka jana, mwezi Juni, tulifika kwenye lango moja la msitu mkoani mwetu, nikauliza kama mbwa anaruhusiwa, nikaambiwa nimfunge kamba na nilipe kiingilio changu kama kawaida. Tulitembea kwa muda wa saa nne na kurudi salama. Mwezi Agosti nikaenda tena lango lile lile, safari hii nikiwa na mwanangu wa darasa la tano, na tulikuwa tumekodi gari kwa sababu daladala hazipakii mbwa. Askari aliyekuwa zamu akasema mbwa haingii. Nilipomuuliza agizo hilo limeandikwa wapi, alinijibu kwa upole kabisa: "Kaka, mimi nilipokuja hapa nimekuta tunasema hivyo." Sitaji jina la lango hilo wala la yeyote kati ya hao wawili, kwa kuwa sioni kosa lao, kila mmoja alitumia busara yake pale ambapo hakupewa karatasi ya kuonyesha. Gari lilikuwa limeshaondoka. Tulikaa chini ya mwembe nje ya lango mpaka liliporudi saa tisa alasiri, na mtoto akaniuliza Doria amekosa nini. Nilikosa la kumjibu.

Naomba ieleweke mapema kwamba siombi mbwa aruhusiwe kila mahali. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, ina viumbe wasio na mahali pengine pa kukimbilia. Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza kama mkonga, hulala kwenye kiota cha majani makavu chini ya miti, na mbwa humnusa na kumfikia kabla mwenye mbwa hajajua kwamba kuna kitu. Ndiyo sababu wawindaji wa misitu ya pwani humtafuta kwa mbwa. Paa naye, hata asipokamatwa, akikurupushwa mchana humwacha mtoto wake peke yake kichakani. Na yapo madhara yasiyoonekana kwa macho. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao watafiti waliuhusisha na mbwa wa kufugwa wa vijiji vinavyozunguka Serengeti, uliua takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi ile. Ikiwa simba wa Serengeti waliangushwa na maradhi ya mbwa, basi sababu ya kuwa waangalifu na wanyama wa Amani naiona waziwazi, na mkiandika kwamba ndani ya msitu ule mbwa asikanyage, nitatii na nitawaeleza wenzangu wanaofuga mbwa kwa nini watii. Neno "hapana" nalikubali. Lililo gumu kulikubali ni "hapana" inayobadilika kwa zamu.

Lakini mkoa huu una njia nyingi ambazo hazimo ndani ya msitu wa asili. Shamba la Miti Longuza, wilayani Muheza, limejaa mitiki iliyopandwa kwa mistari, na kati ya mistari hiyo zimo barabara za kubebea magogo. Wakati wa kiangazi majani ya mitiki, mapana kama sinia, huanguka na kufunika ardhi yote, na hapo mtu husikia hatua za mbwa wake hata asipomwona. Mahali ambapo trekta na misumeno ya moto hufanya kazi, mbwa mmoja aliyefungwa kamba hataharibu kitu. Vivyo hivyo kwa vijia vya kando ya Mkulumuzi kuelekea kwenye mikoko, ambavyo watu huvipita kila siku wakiwa na kuni, baiskeli na mbuzi. Huko ndiko naomba mseme "ndiyo", na mseme kwa masharti.

Sharti la kwanza liwe ni kuheshimu maji. Maji ya Zigi yanayokusanywa katika bwawa la Mabayani ndiyo tunayokunywa mjini Tanga, kwa hiyo anayetembea na mbwa kando ya mto huo anatembea kando ya jiko la jirani yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji, na sitaki mtu yeyote ajenge kibanda au afyeke kichaka kwa kisingizio cha matembezi. Njia ya miguu iliyopo inatutosha. Andikeni pia kwamba kinyesi cha mbwa kizolewe au kifukiwe mbali na mto, na kwamba asiyekuja na mfuko au kijembe asipite. Kinyesi hicho hubeba minyoo ya safura ya mbwa, na vibuu vyake hupenya ngozi ya mtu anayetembea pekupeku. Watoto wetu wengi huteremka mtoni pekupeku.

Sharti la kamba nataka nilieleze kwa kirefu zaidi, kwa sababu nililijifunza kwa aibu. Miaka mitatu iliyopita, kwenye kivuko kimoja cha Zigi, nilimfungulia Doria akaogelea. Bibi mmoja alikuwa ametua ndoo yake juu ya jiwe, anakunja kata aiweke kichwani. Doria akatoka majini, akasimama hatua mbili kutoka kwake, akajikung'uta. Matone yakaingia ndooni, mengine yakamrukia kwenye kanga. Yule bibi hakupiga kelele. Aliitazama ndoo kwa muda, akaiinamisha, akamwaga maji yote taratibu juu ya mchanga.

Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Nisamehe, kosa ni langu."

"Marahaba, mwanangu. Mbwa ni kiumbe wa Mungu, mimi simchukii," akasema. "Lakini kanga hii ndiyo ninayosalia, na adhuhuri ndiyo hiyo inakaribia."

Kwa asiyefahamu, sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi, chombo au nguo iliyoguswa na unyevu wa mbwa huoshwa mara saba, na mojawapo ya mara hizo maji huchanganywa na udongo. Nilimfunga Doria kwenye mti mbali na kivuko, nikaiosha ndoo mara saba, nikateka maji upande wa juu wa mto, nikambebea mpaka mlangoni kwake. Njiani hakunilaumu hata kidogo. Aliniuliza tu mama yangu ni mtu wa wapi. Kanga aliifua mwenyewe, nami nilisimama uani nikimsikia akihesabu.

Dini haikutukataza kufuga mbwa wa ulinzi, na wazee wetu walifuga mbwa wa kulinda mashamba na wa kuwindia bila kuwavunjia majirani heshima, kwa sababu walijua mbwa asogee mpaka wapi. Kamba ya mita mbili ingeiokoa ndoo ile. Kwa hiyo utaratibu ukiandikwa, naomba useme kamba isizidi mita mbili. Useme mwenye mbwa ndiye anayepisha, asimame pembeni mpaka mwenzake apite. Useme mbwa asifikishwe kabisa kwenye vivuko na mahali pa kuteka maji, bali anyweshwe kwenye bakuli lake. Hilo la bakuli lina faida nyingine pia. Wazee wa kando ya mito hutuonya mara kwa mara juu ya mamba, na mbwa anayeinama kulamba maji ukingoni ni windo jepesi kuliko lolote.

Kuna jambo ambalo kamba haikuweza kulizuia, nalo ni mitego. Mwezi Novemba uliopita, mvua za vuli zikiwa zimeanza, tulikuwa tukipita kwenye kichaka kando ya Mkulumuzi. Doria alikuwa amefungwa kamba. Alitoka hatua mbili tu nje ya njia kunusa, kisha akalia mlio ambao sijawahi kuusikia kwake. Mguu wake wa mbele wa kushoto ulikuwa umeingia kwenye kitanzi cha waya wa breki ya baiskeli, ncha ya pili ikiwa imefungwa kwenye shina la mti, na kila alipovuta ndivyo kitanzi kilivyozidi kukaza. Nilivua shati nikamfunika kichwa, kwa maana mbwa mwenye maumivu huuma hata mkono anaoupenda. Nikamkumbatia kwa kifua na kumsogeza kuelekea kwenye shina mpaka waya ukalegea, kisha nikapenyeza kijiti kati ya waya na mguu na kuanza kukipanua kitanzi polepole. Mikono yangu ilikuwa inateleza kwa damu na mvua. Alipotoka, hakukimbia; alijilaza palepale kwenye tope akanitazama. Daktari wa mifugo alimshona nyuzi tisa, na hadi leo, baridi ya asubuhi ikizidi, Doria huunyanyua mguu ule kidogo anapotembea.

Nilirudi mahali pale kesho yake nikahesabu vitanzi vingine vinne, vyote vimetegwa kwenye kijia kimoja ambacho wanyama hukitumia kuteremkia majini. Nilikwenda kutoa taarifa kwenye ofisi moja ambayo siitaji, nikaulizwa mbwa alikuwa akifanya nini huko. Hakuna aliyeniuliza mitego iko wapi. Waheshimiwa, waya ule haukutegwa kwa ajili ya Doria. Ulitegwa kwa ajili ya paa, na paa akinasa hana mtu wa kumfunika kichwa kwa shati. Hukaa hapo usiku kucha, au siku mbili, mpaka mtegaji atakapokumbuka kurudi. Tunayo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kinachokosekana kule mtoni ni namba ya simu iliyoandikwa kwenye kibao, ambayo mtu anayeuona mtego anaweza kuipigia akapokewa na mtu atakayekuja kuutoa. Sisi tunaotembea na mbwa tunapita kwenye njia hizo kila wiki, na pua za mbwa wetu hugundua vitu ambavyo askari wa doria ya kila mwezi hawawezi kuvigundua. Tutumieni.

Najua wapo watakaosema kwamba mbwa njiani ni hatari kwa watu, na siwezi kuwapuuza. Mtu ana haki ya kumwogopa mbwa asiyemjua. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni vifo vipatavyo 59,000 kila mwaka, vingi vikitokea Asia na Afrika, na watoto ni miongoni mwa walio hatarini zaidi. Dunia imejiwekea lengo la kufikia mwaka 2030 pasiwe na mtu anayekufa kwa kung'atwa na mbwa mwenye ugonjwa huu. Njia ya kufika huko inajulikana: kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo, mwaka hadi mwaka, bila kukatisha. Wenzetu wa Pemba, ng'ambo tu ya mkondo, wameliona hilo. Kampeni za kuchanja mbwa ziliukomesha ugonjwa kisiwani, ukaingia upya mwaka 2016, ukakomeshwa tena kwa chanjo hiyo hiyo.

Kwa hiyo fanyeni kadi ya chanjo kuwa tiketi ya mbwa. Asiye na kadi yenye mhuri wa mtaalamu wa mifugo, ya ndani ya mwaka mmoja, asipite hata kama mwenyewe ni mtu mkubwa. Naamini sharti hili litachanja mbwa wengi kuliko matangazo ya redioni, kwa kuwa mtu anayetaka kwenda mahali hufanya haraka kutimiza kinachomzuia. Mnaweza hata kulifungamanisha na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, wataalamu wa mifugo wakaweka meza yao mahali njia inapoanzia, wakachanja mbwa wa watembeaji na wa wanakijiji kwa pamoja. Na kwenye kibao kile kile kiandikwe, kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la tatu ataweza kuzisoma, kwamba aliyeng'atwa au kuparuzwa na mbwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo, asisubiri kuona kama jeraha litapona lenyewe. Maneno hayo yangefaa kuwepo hata kama hakuna mbwa hata mmoja atakayeruhusiwa kupita.

Kwa ninyi wa Mapango ya Amboni, ambayo yako kilometa 8 tu kutoka mjini, ombi langu ni dogo. Pangoni mbwa asiingie. Popo ni wengi, giza ni zito, na zipo sehemu ambazo watu huacha sadaka zao na kuomba. Mbwa hana shughuli hapo. Waongozaji husimulia habari ya wazungu wawili walioingia mapangoni na mbwa wao wasionekane tena, na mbwa peke yake akaja kuonekana mbali sana, huko karibu na Kilimanjaro. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara mimi humfikiria yule mbwa. Ninachoomba ni kivuli kimoja karibu na lango, chenye nguzo ya kufungia kamba na ndoo ya maji, ambapo mbwa anaweza kungoja kwa saa moja wakati mwenyewe yuko ndani na mwongozaji. Bila hivyo watu huwaacha mbwa ndani ya magari yaliyofungwa vioo, na gari lililofungwa vioo juani huua mbwa kwa muda mfupi.

Sina utaalamu wa kutunga sheria, lakini niko tayari kuitwa kwenye kikao chochote, jioni au siku ya mapumziko, pamoja na wenzangu wachache tunaotembea na mbwa, na niko tayari kuwaonyesha kwa miguu mahali ambapo vitanzi vile vilikuwa na kivuko kile cha bibi, maana yeye naye anapaswa kuulizwa kabla kibao hakijasimikwa. Gharama ya mbao, rangi na saruji ya kibao cha kwanza tumekubaliana kuichangia wenyewe.

Masika yakiisha na njia za chini ya milima zikikauka, mwezi Juni, nitakwenda tena lango lile na mwanangu, na kadi ya chanjo ya Doria nitakuwa nayo mfukoni. Nitafurahi kukuta kibao, hata kiwe kimeandikwa kwamba Doria abaki nje.

Naomba kuwasilisha.

Mkazi wa Jiji la Tanga, mwenye mbwa